Gari la fikra za Kilifi na bei ya Nairobi

Mnamo Agosti 2024 wenyehisa wa kampuni ya magari ya Mobius Motors walikata shauri kuifunga kampuni yao na kuikabidhi kwa mfilisi. Magazeti yaliitangaza habari hiyo kama yatangazavyo msiba wa kiwanda chochote cha Nairobi: madeni, kodi, ajira zilizopotea. Kabla ya mwezi kwisha tangazo jingine likatolewa kwamba amepatikana mnunuzi, na waandishi wakageukia mambo mengine. Katika yote niliyoyasoma siku hizo sikuona aliyekumbuka kutaja Kilifi. Nami naona kwamba asiyeanzia Kilifi hawezi kuelewa kwa nini kampuni ile ilizaliwa, wala kwa nini ilizama.

Mwasisi wake ni Mwingereza aitwaye Joel Jackson. Aliwasili Kenya mnamo 2009 akiwa kijana, si kwa ajili ya magari bali kwa ajili ya miti. Alikuja kufanya kazi na Komaza, shirika lililoanzishwa Kilifi mnamo 2006, ambalo shughuli yake ilikuwa kushirikiana na wakulima wadogo ili wapande miti ya mbao katika mashamba ambayo mahindi yake hukauka kila msimu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki ofisini. Sharti mtu aende kwa mkulima, aikague miche yake, arudi tena baada ya miezi. Ndipo Jackson alipokutana na jambo ambalo mwenyeji wa Ganze hulijua tangu utotoni, kwamba mkulima hayuko mbali kwa maili bali yuko mbali kwa barabara.

Msomaji ambaye hajawahi kuiacha lami ya Mombasa na Malindi huenda asipate picha kamili. Lami hiyo imenyooka kandokando ya bahari, inapita Mtwapa, Kikambala, Vipingo, inavuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mnamo 1991 na kuistaafisha feri ya Mnarani, kisha inaambaa na mikonge, na Matsangoni, na msitu wa Arabuko-Sokoke mpaka Malindi. Mgeni anaweza kuipita yote akadhani ameiona wilaya. Lakini wengi wa watu wa Kilifi wako upande wa magharibi wa lami hiyo: Ganze, Vitengeni, Bamba, na nyuma ya Malindi kuelekea Baricho na Magarini. Huko, kwa miaka mingi, njia zilikuwa za udongo na mawe, na palipokuwa na korongo pakawa na mto mvua za masika zilipoanza. Ganze imetajwa katika takwimu za serikali kuwa miongoni mwa majimbo maskini zaidi nchini. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hubebwa kwa kitanda, au kwa mkokoteni, au, tangu miaka kumi na mitano hivi iliyopita, hukalishwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki.

Jackson aliyaona hayo akajiuliza swali la haki kabisa: kwa nini magari yote yanayouzwa Afrika yamebuniwa kwa barabara za Ulaya na Japani? Hapakuwa na gari lililobuniwa kwa barabara hizi, kwa mizigo hii, kwa makanika huyu mwenye spana nne. Akaamua kulitengeneza. Hakuwa mhandisi wa magari, na wengi walimcheka kwa hilo. Mimi sikuliona kuwa dosari kubwa, maana wahandisi wa magari walikuwapo miaka yote na swali hilo hawakuwahi kuliuliza. Akishirikiana na mafundi wa hapa Kenya aliunda gari la majaribio la vyuma vya mabomba vilivyochomelewa, lisilo na madoido, na kutokana nalo ikazaliwa kampuni yenye makao Nairobi.

Gari la kwanza kuuzwa, Mobius II, lilianza kuundwa kwa mkataba katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers cha Thika katikati ya miaka ya 2010. Lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6, gia tano za mkono, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na nafasi ya watu wanane. Bei yake ilikuwa kama shilingi 950,000. Viyoyozi hapana, vioo vya kawaida vya madirisha hapana, mapambo hapana. Kila kilichoweza kuondolewa kiliondolewa ili bei ishuke.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo, kwa sababu naamini hatima ya kampuni iliandikwa katika bei hiyo na katika vitu vile vilivyoondolewa.

Shilingi 950,000 ni bei ndogo kwa gari jipya. Kwa mkulima wa Ganze mwenye mbuzi sita na ekari tatu za mihogo ni bei ya maisha mawili. Kwa hiyo mtu ambaye barabara yake ndiyo iliyozaa fikra hakuwa mnunuzi tangu siku ya kwanza. Waliobaki ni watu wa tabaka la kati: mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa Kaloleni mwenye duka la jumla, mwenye shamba la minazi. Hao wana uwezo wa kutafuta laki tisa na nusu kwa mkopo. Lakini fedha hizo mkononi, mtu huyo hashuki Thika. Hushuka Mombasa, ambako yadi zimejaa magari yaliyotumika Japani, akachagua Probox yenye vioo, redio na kiyoyozi, na bado akabaki na fedha za bima na za kuchinja mbuzi siku ya kulipeleka nyumbani.

Wataalamu wa biashara watasema amefuata bei tu. Sidhani. Kwetu pwani gari si chombo cha kubebea mizigo peke yake. Ndilo litakalompeleka bwana harusi, litabeba jeneza, litaegeshwa mbele ya msikiti au kanisa ambapo kila jicho litalipima. Maskini hataki gari linalomtangaza kuwa maskini. Watu wa mjini waliliita gari lile sanduku, kwa mzaha, na mzaha huo uliua mauzo kuliko kasoro yoyote ya injini. Isitoshe, gari ni akiba, kama ng'ombe. Mwenye Probox akipata shida ya karo au ya hospitali huiuza kwa juma moja, maana vipuri vyake vipo katika kila duka kuanzia Mtwapa hadi Marereni na kila makanika anaifahamu. Mwenye gari la aina ya kwanza na ya pekee angemwuzia nani?

Na tuseme kweli hata kuhusu kifaa chenyewe. Mobius II ilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Uamuzi huo ulipunguza gharama, nao unaeleweka, lakini nimeuona udongo wa Bamba wakati wa masika, na udongo ule hausomi hesabu za gharama.

Nahodha wa chombo kama hicho alikuwa na njia mbili. Angeweza kurudi nyuma, akafanya gari liwe duni na rahisi zaidi, akatafuta njia ya kuliuza kwa vikundi. Au angeweza kwenda mbele, akaliboresha liwapendeze wale wenye fedha. Kampuni ilikwenda mbele. Toleo la pili la Mobius II, lenye injini ya lita 1.8, lilitangazwa mnamo 2018 kwa bei ya kama shilingi milioni 1.3. Baadaye usukani wa kampuni ulitoka mikononi mwa Jackson ukashikwa na wengine. Ikaja Mobius III, gari la kifahari lililofanana kila upande na gari moja la kampuni ya BAIC ya Uchina, kwa bei iliyokaribia milioni 4. Mtu anayeweza kutoa milioni 4 kununua gari haishi mahali ambapo mama hubebwa kwa mkokoteni. Kufikia hapo kampuni ilikuwa imesahau kazi iliyojiitia, nayo ilikuwa ikishindana na wakongwe katika uwanja wa wakongwe.

Simlaumu Jackson kwa kuwa mgeni. Pwani hii imezoea wageni wenye fikra kubwa. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na kutoka hapo mnamo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, kikarushwa chombo cha anga kilichopewa jina la Uhuru ili kichunguze nyota. Chombo kilifika angani, ilhali samaki wa Ngomeni waliendelea kuozea njiani kwa kukosa usafiri wa kuwafikisha Malindi. Si lazima elimu inayopita kwetu ituachie kitu. Tofauti ni kwamba Jackson alianza na tatizo letu, si na nyota, na kwa hilo anastahili heshima kuliko aliyopewa.

Ili tuone vizuri kilichokosekana, yafaa tuitazame njia ya kiongozi mwingine wa sekta hiyo hiyo, ambaye mwendo wake ni kinyume kabisa. Rita Kavashe alianza kazi akiwa mwalimu. Mnamo 1995 akajiunga na kampuni ya General Motors East Africa, ile yenye kiwanda katika Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ambacho kimekuwa kikiunganisha magari tangu 1977. Hakuingia kwa mlango wa wakubwa. Alipanda ngazi katika mauzo, akapelekwa Afrika Kusini, akarejea, na mnamo 2011 akateuliwa mkurugenzi mkuu, miaka kumi na sita baada ya kuingia. Mnamo 2017 Wamarekani walipoamua kuondoka, waliuza hisa zao za asilimia 57.7 kwa Isuzu ya Japani, jina likabadilika, na yeye akaendelea kushika usukani. Kampuni ambayo mzazi wake ameondoka ingeweza kufa, ile haikufa.

Kwa nini? Watu hupenda kusema ni kipaji cha kiongozi, na sina nia ya kumnyima sifa zake mama huyu. Lakini mtazame nani alikuwa mteja wake. Lori la Isuzu hununuliwa na mtu ambaye lori litamlipa. Lori libebalo mawe ya ujenzi kutoka machimboni ya Kilifi, basi la abiria, gari la kusomba chumvi ya Gongoni: kila safari ni fedha, na benki hukopesha kwa sababu inaziona fedha hizo. Mteja kama huyo haulizi kama gari lina sura ya sanduku. Zaidi ya hayo, katika uuzaji ule wa 2017 serikali yetu, kupitia shirika lake la ICDC, ilikuwa miongoni mwa wenyehisa pamoja na kampuni ya Centum. Kavashe alirithi nyumba yenye nguzo. Jackson alikuwa akijenga nyumba, nguzo na njia ya kuifikia, vyote kwa wakati mmoja, kwa fedha zilizotoka hasa kwa wawekezaji wa ng'ambo ambao subira yao ina tarehe.

Huenda msomaji atasema kwamba basi dawa ni serikali kutengeneza gari yenyewe. Tulikwisha kulijaribu hilo. Mnamo 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mnamo 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani kwa ngoma na hotuba. Halikufika sokoni. Gari lililoagizwa na mkubwa lilikuwa na mteja mmoja tu, mkubwa mwenyewe, naye alitaka kuliona, si kulinunua.

Serikali ina silaha nyingine, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mnamo 2008 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi saisi 250. Uamuzi huo wa mstari mmoja ulifanya kwa Ganze yale ambayo mradi wowote haujapata kuyafanya. Ndani ya miaka michache bodaboda zilienea kila kijiji. Vijana wakapata kazi, mahindi yakafika kinuni, wagonjwa wakafika zahanati, ingawa wengine walivunjika miguu njiani. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria wakulima thamani ya usafiri. Walichohitaji ni bei iliyofikiwa na mfuko wao, na kifaa ambacho kinamlipa anayekiendesha.

Sasa linganisha na gari. Tangu soko lilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970 vimekuwa vikiishi kwa kuhema. Kati ya 2018 na 2023 magari mapya yaliyouzwa nchini hayakuzidi 15,000 kwa mwaka, ilhali yale yaliyotumika, yasiyozidi umri wa miaka minane kama sheria inavyotaka, yalishuka bandarini Mombasa kwa makumi ya maelfu. Sisemi yapigwe marufuku. Mwalimu wa Vitengeni hana deni kwa kiwanda cha Thika hata alazimishwe kununua ghali, na nina shaka na kila mwenye kiwanda anayeomba ulinzi kabla hajaniambia bei itashuka lini. Ninalosema ni kwamba katika hali hiyo, kampuni changa inayokusudia kuwatumikia wasio na fedha haiwezi kuponea duka la rejareja. Hitaji la maskini ni kubwa, lakini hitaji si soko, na hapo ndipo Jackson na waliomkopesha walipojikwaa. Walihesabu watu wasio na usafiri wakadhani wamehesabu wanunuzi.

Mnunuzi wa kweli wa gari lile alikuwepo, ila hakwenda dukani. Mnunuzi huyo ni umma. Nani mwenye haja ya gari la bei nafuu, lenye tumbo la juu, linalotengenezeka kwa nyundo na spana, kuliko zahanati ya Bamba? Kuliko afisa wa kilimo, wa mifugo, wa maji? Kuliko shule ya upili yenye kulazimika kukodi gari kila mtihani unapofika? Tangu ugatuzi uanze mnamo 2013 tunazo serikali za kaunti 47, na kila moja hununua magari. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu, tena inaagiza, kwamba bidhaa zilizotengenezwa au kuunganishwa nchini zipewe kipaumbele. Lau kaunti kumi kame zingeweka sahihi ya kununua magari hamsini kila moja kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba yajaribiwe kwanza katika matope ya Bamba na mchanga wa Magarini na kampuni irekebishe kila litakalovunjika, kiongozi wa kampuni angekuwa na kitu cha kuionyesha benki, na wahandisi wake wangekuwa na mwalimu. Magurudumu mawili ya kusukuma yangekuwa manne upesi sana.

Badala yake ofisi za umma, za kitaifa na za kaunti, zimezoea magari makubwa ya kigeni ambayo taa yake moja ikivunjika hugharimu mshahara wa muuguzi. Mkubwa hupenda gari linaloonekana. Katika hili hatofautiani na bwana harusi wetu, isipokuwa bwana harusi hutumia fedha zake.

Na vyama vya ushirika navyo visisahaulike. Matatu nyingi katika nchi hii zimenunuliwa kwa mikopo ya sako, na hakuna aliyezibuni sako hizo ng'ambo. Kikundi cha wakulima ishirini wa maembe, kila mmoja akiweka mbuzi mmoja kwa msimu, kinaweza kumiliki gari ambalo mmoja wao hawezi hata kuliota. Kampuni iliyokuwa na chimbuko katika kupanda miti na vikundi vya wakulima wa Kilifi ilikuwa na njia hiyo mlangoni. Sijaona dalili kwamba ilijaribiwa kwa dhati. Makao yalipohamia Nairobi, walioketi mezani walikuwa watu wa Nairobi na wa ng'ambo, na kwa kawaida mtu huwaza mteja anayefanana naye.

Nayasema haya kwa sababu kuna kizazi kipya cha viongozi wa magari, hasa ya umeme, wanaoelekea kwenye mlango ule ule. Mabasi ya umeme yanaunganishwa Thika, katika kiwanda kile kile kilichoiunda Mobius II, na pikipiki za umeme zinaunganishwa Nairobi. Wengi wao wamejifunza jambo moja la maana: wanawauzia watu ambao chombo kinawalipa kila siku, nao wanakubali malipo kidogo kidogo. Lakini vituo vyao vya umeme vimeanzia mijini, na lami ndiyo inayoamua vinaishia wapi. Mtu wa Vitengeni atayasoma hayo gazetini, kama alivyosoma habari za gari lililobuniwa kwa ajili yake.

Kila mwezi wa Juni makadirio ya kaunti hupitishwa, na ndani yake mna fungu la magari. Madiwani wa Kilifi wanaweza kuliomba fungu hilo lisomwe kwa sauti, aina kwa aina na bei kwa bei, kisha waulize ni mangapi kati ya hayo yataweza kufika Bamba wiki ya pili ya mwezi wa Mei na kurudi siku hiyo hiyo yakiwa na mgonjwa ndani.